Muulize Ticha: Kiingereza Chenye Kiswahili Ndani

Mwezi huu meseji karibu zote zilizoingia ni za ung'eng'e, wanafunzi, wazazi, mpaka mwalimu mwenzangu mmoja. Nimezipunguza maana nyingine zilikuwa ndefu kuliko insha yenyewe, na majina nimeyaacha, kila mtu yuko hapa kwa lakabu aliyojipa.

Shikamoo ticha. Niko kidato cha tatu, mazoezi ya grama ya kujaza nafasi huwa napata vizuri tu, lakini insha ikirudi ni wino mwekundu mtupu, mwalimu anaandika pembeni nimetafsiri moja kwa moja, na mimi sioni nimetafsiri nini maana nimeandika kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Nakosea wapi? – Wino Mwekundu

Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sahihi na wewe pia hujadanganya. Zoezi la kujaza nafasi linakupa sentensi ambayo mtu mwingine keshaijenga, wewe unatia kitenzi tu unaondoka. Kwenye insha unajenga mwenyewe, na kichwa kikiwa na haraka kinajenga kwa ramani kiliyoizoea, ambayo ni ya Kiswahili, alafu kinabandika maneno ya kizungu juu yake. Ndo maana huoni, maana kila neno ukilitazama ni la Kiingereza kweli.

Chukua sentensi hii ambayo nimeisahihisha mpaka nimechoka: "My brother he is sick." Hiyo "he" imetoka wapi? Imetoka kwenye "kaka yangu anaumwa", ile a- ya mwanzo wa kitenzi ambayo kwa Kiswahili huwezi kuiacha hata kaka ameshatajwa. Kiingereza kikishamtaja kaka kimemaliza, "My brother is sick", basi. Dada yake na hiyo ni "The book which I bought it is lost", hapo ni "kitabu nilichokinunua" na ile -ki- ya katikati imegeuka "it". Kwa Kiingereza "which" imeshabeba kitabu, "it" imezidi.

Ila inayoua watu wengi zaidi ni -me-. Tulifundishwa -me- ni "have", nimekula "I have eaten", amefika "he has arrived", na hapo ni sawa kabisa. Sasa mtoto anaandika insha kuhusu babu yake, babu amelala kwenye kiti, anaandika "Grandfather has slept on the chair". Kumbe babu yuko usingizini sasa hivi! "Grandfather is asleep", au "is sleeping". Kiswahili kina vitenzi vingi ambavyo -me- yake inaonyesha mtu yuko kwenye hali fulani muda huu: amesimama ni "is standing", amevaa shati jekundu ni "is wearing", ameshika fimbo ni "is holding", amefanana na baba yake ni "he looks like his father" (wewe utaandika "he has resembled", usibishe), nimechoka ni "I am tired", nimeelewa ni "I understand". Jiulize swali moja tu, hiyo hali bado ipo ninavyoongea au ni tendo lililokwisha? Kama bado babu kalala, achana na "has".

Na upande wa pili wa -me- hiyohiyo, watu tunasema "nimemuona jana" bila shida yoyote, kwa hiyo inatoka "I have seen him yesterday". Kiingereza hakikubali. Ukishataja muda uliofungwa, jana, juzi, mwaka 2019, saa mbili asubuhi, "have" inaondoka, "I saw him yesterday". Na kwa kuwa nimetaja saa mbili asubuhi, ni "eight o'clock" kwa wenzetu, usije ukaandika "two o'clock in the morning" mtu akadhani mhusika wako ni mwizi.

Sasa cha kufanya. Toa insha zako zilizosahihishwa, usizitupe, najua mnazitupa. Gawa ukurasa wa daftari, kushoto andika sentensi yako yenye wino, katikati andika ile ya Kiswahili uliyokuwa unaiwaza kichwani, kulia andika iliyosahihishwa. Hiyo safu ya katikati ndo dawa, maana hapo utaona makosa ambayo ulidhani ni mia ni familia tatu nne tu zinajirudia kwa sura tofauti. Wiki ya kwanza ukimaliza kuandika insha rudi usome ukitafuta familia moja peke yake, mfano "he" za ziada, usihangaike na kingine. Wiki inayofuata tafuta -me-. Ukisoma ukitafuta kila kitu kwa mpigo hutaona kitu. Na zile jedwali za tensi kumi na mbili endelea kuzikariri kama mtihani wenu unazitaka, mimi sizipingi, nasema tu jedwali halitakuambia babu amelala.

Ticha habari za kazi. Nina watoto wawili sekondari. Rafiki yangu amepiga marufuku Kiswahili nyumbani kwake, anayeongea anatozwa faini, anasema ndo njia ya watoto kushika Kiingereza. Mimi na baba yao kimombo chetu ni cha kuungaunga, tufanye hivyo na sisi? – Mama Wawili

Nzuri mama, shikamoo kama umenizidi. Hapana, msifanye. Kwanza mtakachoongea nyumbani ni hicho cha kuungaunga, watoto watakizoea, alafu mimi darasani nianze kukibomoa. Pili, na hii ndo kubwa, mtoto ambaye anaweza kukuelezea kwa Kiswahili kwanini jambo fulani limetokea, akatoa sababu, akapanga, akakubishia kwa hoja, huyo uwezo anauhamishia kwenye Kiingereza akishapata maneno. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, aliandika kuhusu hili mwaka 1979, kwamba lugha mbili za mtoto zinategemeana huko chini, na akatofautisha pia lugha ya kupiga stori na lugha ya kusomea. Mtoto anaweza kutema kimombo cha kuagiza na kusalimia mpaka wageni wakashangaa, alafu ukimpa aya moja ya kitabu cha sayansi aieleze anakwama.

Kama mnataka kusaidia, muda wa kusoma ndo wanaoukosa. Nusu saa isiyo na kazi za ndani wala kutumwatumwa, kitabu cha hadithi cha Kiingereza chepesi kuliko darasa lake, asome kwa raha, alafu akusimulie kwa Kiswahili amesoma nini. Ndiyo, kwa Kiswahili. Akishindwa kusimulia ujue hakuelewa, na hapo hujahitaji kujua Kiingereza wewe mwenyewe kumkagua. Faini muachieni rafiki yenu.

Nikisimama kusoma nikichapia kidogo darasa zima linaangua kicheko, na kuna mmoja ananiigiza mpaka mapumziko. Nimeamua kunyamaza. Mtihani si wa kuandika? – Bubu wa Hiari

Mtihani ni wa kuandika mara nyingi, ila ukinyamaza na kuandika kunadorora, maana sentensi ambayo mdomo haujawahi kuitoa mkono nao unaikwepa. Huyo anayekuigiza mwambie mwalimu wa darasa, sitanii, hiyo ni kazi ya mwalimu siyo yako.

Turudi kwenye kuchapia kwenyewe. Kiswahili kina irabu tano, a e i o u, na kila moja inatamkwa vilevile popote ilipo. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu karibu 20 ukihesabu na zile za kuunganisha irabu mbili kwa mpigo, na wameziandika kwa herufi hizohizo tano, kwa hiyo "ship" na "sheep" kwetu zinaangukia mahali pamoja, na "bad", "bud" na "bard" zote zinakuwa "badi". Hilo linarekebishika taratibu kwa kusikiliza. Kinachofanya usieleweke zaidi ni mkazo. Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, hatuwazi hata. Wao unatembea: "photograph" unakaa mwanzo, "photographer" unasogea silabi ya pili, "photographic" unasogea ya tatu. Sisi tunasema "hoSPItal" na "chaRACter" kwa sababu mdomo unatafuta ile ya pili kutoka mwisho, wakati zote mbili zinabebwa mwanzoni.

Tafuta mtu anayesoma taarifa ya habari kwa Kiingereza taratibu, sikiliza sentensi moja, simamisha, iseme ukifuata mapigo yake siyo maneno tu, jirekodi kwenye simu, linganisha. Dakika chache kila siku chumbani peke yako, hakuna wa kucheka. Na darasani anza na kitu kidogo, andaa swali moja kabla ya kipindi, liandike, liseme, kaa. Lafudhi usiihangaikie, kila mtu duniani anayo.

Ticha naomba unisaidie, hivi kwanini "knife" ina k wakati haitamkwi? Na "night" hizo gh za nini? Nimepoteza maksi za imla kibao. – Mhanga wa Imla

Unajua Kiswahili kimetudekeza. Tahajia yetu hii ya herufi za Kirumi ilisanifishwa juzijuzi tu, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, watu wakakaa wakakubaliana neno liandikwe linavyosikika. Kiingereza hakikupata bahati hiyo. Kilianza kuandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na zamani hizo k ya "knife" ilikuwa inatamkwa kabisa, na gh ya "night" ilikuwa sauti ya kooni, inakaribiana na kh ya "subalkheri". Kwa hiyo mwandishi wa enzi hizo hakuwa mjinga, aliandika alichosikia.

Kisha mwaka 1476 William Caxton akafungua kiwanda cha uchapaji pale Westminster, cha kwanza Uingereza, na vitabu vilivyochapwa vikaanza taratibu kuyagandisha maneno yalivyoandikwa. Bahati mbaya ni kwamba kipindi hichohicho matamshi yalikuwa yanahama, irabu ndefu zote zilibadilika kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, k ikaacha kusikika, gh ikapotea, ila karatasi ikabaki na za kale. Unachoandika kwenye imla ni matamshi ya watu waliokufa zamani.

Nyingine ni za wasomi waliojifanya wajuaji. "Debt" ilikuja kutoka Kifaransa ikiwa haina b, wasomi wakaona kwenye Kilatini ni "debitum" basi wakairudisha b kuonyesha ukoo, hakuna aliyewahi kuitamka. Na s ya "island" ni kosa kabisa, walidhani neno limetoka Kilatini, kumbe ni la Kiingereza cha kale lisilo na s.

Hii inakusaidiaje? Inakusaidia usikariri neno mojamoja. Hizi herufi bubu ziko kwa koo: "knife, knee, know, knock, kneel", "night, light, right, fight, might", "write, wrong, wrist, wrap". Andika ukoo mzima kwa pamoja. Na unapojifunza, ujitamkie kichwani kwa Kiswahili, "k-nai-f", "nig-ht", kimyakimya, alafu ukitamka kwa mdomo utamke sahihi. Usije ukachanganya.

Kwanini "go" inakuwa "went" na siyo "goed"? Na hivi vitenzi vya hovyo ni vingapi? – Goed

"Went" ni ya kitenzi kingine, "wend", ambacho nacho maana yake ilikuwa kwenda, "go" ikaiazima mazima. Vitenzi visivyofuata kanuni vinavyotumika kawaida ni kama 200 hivi, na vile kumi vinavyotumika kuliko vyote, "be, have, do, say, get, make, go, know, take, see", vyote ni vya hovyo! Sababu ni kwamba neno linalosemwa kila saa watu hawalisahau, linabaki na umbo lake la zamani, lile linalosemwa kwa nadra ndo linajiunga na "-ed". "Help" zamani ilikuwa "holp", ikanyooka. Jifunze kwa makundi yanayoimba pamoja, "sing sang sung, ring rang rung, begin began begun", kisha "cut, put, hit" ambazo hazigeuki kabisa, siyo kwa alfabeti kama zilivyo nyuma ya kitabu, hiyo orodha ya alfabeti haijawahi kumsaidia mtu.

Ufupisho unanishinda. Nikihesabu maneno nimezidi, nikikata nakosa pointi. – Maneno Mengi

Unakata nani, sentensi za mwandishi au zako? Nina uhakika unachukua zake, unatoa neno hapa neno pale. Acha. Soma aya, funika kwa mkono, jiulize kwa Kiswahili, huyu amesema nini? Chukua hii: "Owing to the fact that the river had burst its banks, the villagers were left with no alternative but to abandon their homes." Ukiifunika unapata mto ulifurika, watu wakahama. Sasa andika hicho: "The flood forced the villagers to leave." Maneno ishirini na matatu yamekuwa saba na pointi iko mzima. Ukikata ya mwandishi ungebaki na "Owing to the fact that the river..." na kumi yako yameshaliwa kabla hujasema kitu.

Soma pia swali lenyewe. Wakisema fupisha hasara za mafuriko, chanzo cha mafuriko hakina maksi hata kiwe kitamu vipi. Mifano, nukuu na takwimu za kupamba huwa zinaondoka kwanza.

Je, kutumia programu ya kutafsiri kwenye simu ni vibaya? Naandika Kiswahili inanipa Kiingereza safi. – Shortikati

Kiingereza safi cha nani sasa? Siku ya mtihani simu inabaki nje. Na tatizo si kudanganya tu, tatizo hiyo programu inakurukia ile hatua ambayo ndo ulitakiwa kuumia kidogo ujifunze. Itumie kinyume basi. Andika Kiingereza chako mwenyewe, ukimaliza ndo ulinganishe, na palipotofautiana ujue kwanini.

Kwa kila siku tafuta kamusi ya wanafunzi, ya Kiingereza kwa Kiingereza, zinaeleza kwa maneno mepesi na zinatoa sentensi ya mfano. Huo mfano ndo wa kunakili daftarini, maana neno peke yake litakurudisha kwenye Kiswahili, utasema "big rain" kwa sababu ni mvua kubwa wakati wao ni "heavy rain", utasema "do a mistake" kwa sababu ni kufanya kosa wakati ni "make a mistake", na "borrow me your pen" kwa sababu kuazima kwetu ni kwa anayetoa na anayepokea. Usikimbilie maneno magumu ya kutisha. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno yapatayo 2000 ya Kiingereza yanayohitajika zaidi, na hayo yanabeba kama asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Anza na hayo uyajue kwa undani, siyo kwa maana moja moja.

"Colour" au "color"? – Njia Panda

Zote sahihi. Isiyo na u ni ya Marekani, Noah Webster aliipigia debe sana, kamusi yake kubwa ilitoka 1828. Andika ya mtaala wenu, na ukichagua moja usichanganye ndani ya insha moja.

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mgeni kazini. Nikiuliza "Haven't you finished?" nusu ya darasa wanajibu "Yes" na daftari ni tupu. Wananidharau? – Ticha Mpya

Karibu kazini ndugu yangu. Hawakudharau hata kidogo, wanakujibu kwa adabu zote. "Hamjamaliza?" kwa Kiswahili jibu ni "Ndiyo", yani ndiyo, ulivyosema ni kweli, hatujamaliza. Tunaikubali sentensi ya aliyeuliza. Kiingereza hakijali umeuliza vipi, kinaangalia kazi imeisha au la, haijaisha ni "No, we haven't". Kwa hiyo wao wamesema hatujamaliza na wewe umesikia tumemaliza, na mngeweza kuishi hivyo mpaka mwisho wa muhula.

Wafundishe siku moja, igizeni, mmoja anauliza kwa Kiswahili mwingine kwa Kiingereza, watacheka na hawatasahau. Kuwa makini hasa na "Haven't you understood?", maana hiyo "Yes" yake ndo inakufanya ufute ubao uendelee na mada nyingine huku wamebaki nyuma. Mpaka watakapoizoea uliza tu "Have you finished?", na usiondoke bila kupita kwenye madawati kuangalia daftari.